Mtoto anaficha mkate chini ya godoro: nyumba yetu ina kasoro gani?

SWALI: "Mimi na mume wangu tunaishi Tabata, tuna watoto wetu wawili wa kuzaa. Mwaka jana tulipokea ndugu wawili kutoka makao ya watoto kwa utaratibu wa malezi ya kambo, mvulana wa miaka 7 na dada yake wa miaka 15. Mama yao yupo hai ila kwa sasa hana uwezo wa kuwalea. Hawakosi kitu: wanakula, wanasoma, wana sare, wana pa kulala. Lakini mdogo anaficha mkate na chapati chini ya godoro mpaka vinaota ukungu. Usiku anaamka anazunguka ndani ya nyumba. Mgeni akija, hata asiyemjua, anampanda mapajani na yuko tayari kuondoka naye. Akichapwa halii. Dada yake ananijibu, na hataki hata nimwogeshe mdogo wake. Wakitoka kumwona mama yao, wiki nzima nyumba haikaliki. Ndugu wa mume wanasema hii ni damu, haibadiliki, tuwarudishe tu. Mtaalamu, kwani nyumba nzuri haisaidii?"

JIBU: Dada yangu, nianze na ndugu wa mume, maana maneno yao yanaweza kuamua jambo kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Si damu. Karibu kila ulichoeleza nimekiona katika miaka yangu ya ustawi wa jamii hapa Dar es Salaam, kwa watoto wa makabila na dini tofauti, waliotoka makaoni, mitaani, au waliohamishwa kwa shangazi, kwa bibi, kwa mjomba, mpaka wakasahau wapi ni kwao. Hawana undugu wowote wa damu, lakini tabia ni zilezile. Wanachofanana ni mazingira waliyopitia. Na nyumba yako inasaidia. Ila yapo mambo ndani ya barua yako yanayoichelewesha, na nitayataja bila kuzunguka kwa sababu naona una nia ya kweli.

Tuanze na huo mkate.

Mtoto aliyewahi kulala njaa, au aliyelelewa mahali ambapo chakula kinakuja kwa kengele na ukichelewa sufuria imeshaoshwa, amejifunza jambo moja kwa mwili wake wote: chakula cha leo hakisemi chochote kuhusu kesho. Akiba chini ya godoro ndiyo iliyomtuliza wakati hakukuwa na mtu wa kumtuliza. Kwa hiyo anaposikia "humu ndani chakula kipo, kwa nini unaficha?" yeye hasikii habari njema. Anasikia kwamba siri yake imegunduliwa. Na siku utakapobeba godoro kwa hasira, ukatoa chapati zile mbele ya wenzake, utakuwa umemthibitishia kwamba hata akiba haina usalama. Kesho ataficha mahali pagumu zaidi.

Fanya hivi. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko, la kawaida tu, andika jina lake. Weka ndani karanga, biskuti, ndizi, kipande cha mkate. Liweke mahali anapofika mwenyewe bila kuomba ruhusa, hata saa nane usiku. Mwambie mara moja tu: "Hili ni lako. Likiisha mimi najaza." Halafu timiza. Likiisha unajaza, bila kuuliza limeishaje na bila kuguna. Watoto wako nao wawe na yao, vinginevyo utazima ugomvi mmoja na kuwasha mwingine. Wiki za mwanzo atalimaliza kila siku, na bado utakuta kipande chini ya godoro. Kitoe kimya wakati wa kutandika, weka kingine kwenye kopo, endelea na siku yako. Na kopo hilo lisiguswe kamwe kwa sababu ya adhabu: awe amevunja sahani, awe amegoma kwenda shule, kopo linabaki limejaa. Watoto wengi huacha kuficha wenyewe, taratibu, bila hotuba yoyote, pale kopo linapokuwa limejaa siku nyingi mfululizo hadi wanachoka kulikagua.

Nimekaa sana kwenye mkate kwa sababu mengine yote yanaenda kwa namna hiyohiyo. Mtoto huyu hana tabia mbaya alizozaliwa nazo. Ana mbinu zilizomfaa mahali pengine, na hajapata ushahidi wa kutosha kwamba amefika mahali ambapo hazihitajiki. Wema wenu anauona, lakini bado anaupima. Ushahidi anaoungoja ni mambo madogo yanayojirudia bila kukosea. Zawadi kubwa hazimpi ushahidi huo. Safari ya kwenda kuogelea Kunduchi ni nzuri, ila haina nguvu kama uji unaokuwa mezani saa ileile kila asubuhi, umepikwa na mtu yuleyule.

Sisemi hivi kuwalaumu walezi wa makao. Jiji hili lina makao mengi, ya serikali kama yale ya Taifa ya Kurasini, ya taasisi za dini na ya watu binafsi, na yamepokea watoto ambao usiku ule hawakuwa na pengine pa kulala. Nimewaona walezi humo wanaopika huku wamebeba mtoto mgongoni. Tatizo ni mpangilio wenyewe. Mlezi wa asubuhi siye wa usiku. Mlezi ambaye mtoto alimzoea anaolewa, anaacha kazi, anahamishwa, na hakuna anayemwambia mtoto kwa nini hamwoni tena. Nguo zinatoka stoo ya pamoja. Gauni ulilolivaa Jumapili iliyopita leo liko kwa mwingine. Wafadhili na wanafunzi wa vyuo wanakuja Jumamosi na sabuni na mchele, wanambeba, wanapiga naye picha, wanaondoka. Mtoto mwenye akili anajifunza haraka: jipendekeze kwa kila anayeingia, usimzoee yeyote.

Hapo ndipo lilipo jibu la mgeni na mapaja. Watu wengi huona mtoto wa namna hii ni mchangamfu, na humsifu. Mimi huwa na wasiwasi. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala akitembelea watoto wachanga majumbani kwao, akaona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo: anatambaa mbali kidogo, anatazama nyuma, akishtuka anarudi. Aliona pia kwamba mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, bibi au dada akiwemo, jambo ambalo sisi huku tunalijua bila kufundishwa. Lakini hata hao watu kadhaa ni walewale kila siku. Mtoto aliyepitia mikono isiyohesabika hana kituo cha kurudi, kwa hiyo kila mkono ni sawa kwake. Mtoto wa hivyo yuko hatarini, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya hahitaji kumshawishi.

Kwa muda, basi, wewe na mume wako muwe ndio mlango wa kila kitu kizuri. Mgeni akija, mtoto aamkie shikamoo akiwa amesimama ubavuni kwako. Soda ya mgeni unaipokea wewe, unampa wewe. Mgeni akimwita aje akae mapajani, sema kwa upole, "Huyu anakaa na mama yake leo." Pesa ya pipi ipitie kwako. Asiende dukani na mtu yeyote isipokuwa ninyi, dada yake au mtoto wenu mkubwa. Akianguka akaumia na akaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea, mwite, osha kidonda, pulizia, hata kama anasema haumii. Anajifunza kwamba maumivu yana pa kupelekwa.

Na jambo moja ambalo katika nyumba zetu tunalichukulia kawaida mno: mgeni wa kutoka mkoani kulazwa chumba kimoja na watoto, wakati mwingine kitanda kimoja. Naomba likome nyumbani kwako kuanzia leo, kwa watoto wote wanne. Binamu, mjomba, rafiki wa kanisani, wa msikitini, wote walale sebuleni. Kama sebule haitoshi, mgeni atafutiwe kwingine. Kwa mtoto ambaye hajajifunza kukataa mkono wa mtu, hapo hakuna kujadiliana.

Kuamka usiku nako kuna mantiki yake. Mara nyingi mtoto wa namna hii anahakikisha kama watu bado wapo. Mwili uliokaa muda mrefu kwenye hofu unaendelea kumwaga homoni za tahadhari hata hatari ikishapita, usingizi unakuwa mwepesi, na mbwa akibweka mtaa wa pili mtoto yuko macho. Usimfokee arudi kitandani. Inuka, mshike mkono, mzungushe: baba huyu hapa, dada huyu hapa, mlango umefungwa, haya tulale. Acha taa ndogo ya kolido iwake, na kwa kuwa umeme unakatika, mpe tochi yake iwe chini ya mto. Mambo ya kabla ya kulala yawe yaleyale kwa mpangilio uleule: kuoga, kula, mswaki, dua au sala, neti, "lala salama." Akikojoa kitandani, badilisha shuka bila maneno, weka plastiki juu ya godoro chini ya shuka, na mpeleke zahanati kuhakikisha hakuna maambukizi. Kumwaibisha kunaongeza tatizo.

Sasa fimbo. Umeandika "akichapwa halii" kama moja ya dalili zake. Mimi nimeisoma kama taarifa kuhusu nyumba. Najua wengi wetu tulikua kwa fimbo, na najua mume wako pengine anachapa watoto wake wa kuzaa vilevile bila ubaguzi. Lakini mtoto wenu wa kuzaa amepokea miaka ya kubebwa, kunyonyeshwa na kubembelezwa kabla ya fimbo ya kwanza. Ana mahali pa kuiweka. Huyu hana. Kwake mkono wa mtu mzima ulishakuwa kitu cha kuogopwa kabla hajawafahamu, na kila mnapomchapa mnaingia kwenye orodha ya wale waliotangulia. Kutolia kwake hakutokani na ukaidi. Alishajifunza kwamba kilio hakileti mtu. Muwaambie watoto wote wanne siku moja, baba akiwepo, kwamba katika nyumba hii hakuna tena kuchapwa, na mueleze kitakachofanyika badala yake: ukimwaga maji unafuta, ukivunja unasaidia kurekebisha, ukipiga unakaa pembeni na mama mpaka hasira ishuke. Anakaa na mama, hafungiwi chumbani peke yake. Kumfungia peke yake mtoto aliyewahi kuachwa ni adhabu kubwa kuliko mnavyodhani.

Kuna kitu kinaumiza zaidi ya fimbo, nacho ni sentensi moja: "Tutakurudisha." Sijui kama wewe umewahi kuitamka. Lakini ndugu wa mume wanaitamka, na nyumba zetu hizi, ukuta ukiishia kwenye dari ya gipsamu, mtoto aliyeko chumbani anasikia kila kitu kinachosemwa sebuleni. Dada yake amesikia, nina hakika. Kuanzia hapo kila sheria ya nyumba inabadilika maana. Akikosea, haogopi tena adhabu, anaogopa begi. Na wengi, wanapoona kurudishwa kunakuja, huharakisha wenyewe: wanaiba, wanatukana, wanavunja, kwa sababu kungoja kunauma kuliko kuondoka. Wazazi huja ofisini wakisema mtoto amebadilika ghafla. Ukiuliza polepole, unakuta wiki mbili kabla kulikuwa na kikao cha ukoo.

Angalia begi la mdogo. Ukikuta nguo zake anazozipenda zimepangwa humo na zipu imefungwa, wakati kabati lipo, usilifungue kwa nguvu. Ujue tu kwamba bado anakaa kama abiria.

Mume wako ndiye wa kusema na ndugu zake, wewe usibebe mzigo huo. Awaambie kwa heshima kwamba neno la kurudisha lisitamkwe tena kwenye nyumba yake. Halafu kaeni na watoto mseme ukweli. Msiahidi kisicho chenu: malezi ya kambo siyo kuasili, yaani kumfanya mtoto kuwa wenu kisheria moja kwa moja, na uamuzi juu ya watoto hawa uko kwa ustawi wa jamii na mahakama, tena lengo linaweza kuwa siku moja warudi kwa mama yao akishasimama. Ahadi mnayoweza kuitoa na kuitimiza ni hii: "Hatutawaondoa kwa sababu ya makosa. Na likitokea badiliko lolote, mtalisikia kwetu kwanza, mapema." Wakati mwingine ukweli mgumu unamtuliza mtoto kuliko ahadi tamu, kwa sababu ahadi tamu ameshapewa nyingi.

Unaweza kuuliza kama kwa miaka 7 muda haujapita. Ushahidi mzito tulio nao unatoka Romania, ambako utawala wa rais Ceaușescu ulipoanguka mwishoni mwa 1989 dunia iligundua zaidi ya watoto laki moja wamewekwa kwenye taasisi. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 wa taasisi za Bucharest. Nusu walihamishiwa kwenye familia za malezi kwa bahati nasibu, nusu wakabaki kwenye malezi ya kawaida ya nchi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na waliopata mapema, kabla ya miaka miwili hivi, ndio waliofaidika zaidi. Hiyo ndiyo sababu miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasisitiza mtoto wa chini ya miaka 3 awekwe kwenye familia. Lakini watafiti wale waliendelea kuwafuatilia hadi ujanani, na likajitokeza jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: waliobaki na familia ileile ya kwanza walikuwa na hali bora kuliko waliohamahama. Kuchelewa kulimpata mdogo wenu kabla hamjamjua, na hilo hamwezi kulirudisha nyuma. Kutulia mahali pamoja ni jambo mnaloweza kumpa.

Kuhusu nyumba yenyewe, kuta na vyumba, sitaki uwe na presha. Sijawahi kumshauri mtu ahamie Mbezi Beach ili mtoto apone. Nimeona watoto wakitulia kwenye chumba na sebule cha kupanga Buguruni, na nimeona wengine wakinyauka nyuma ya geti kubwa. Vurugu ya ndani ndiyo yenye uzito: televisheni inayowaka tangu alfajiri hadi usiku, watu wanaoingia na kutoka bila kujulikana wanakaa siku ngapi, chakula cha usiku ambacho leo ni saa moja, kesho saa nne. Tafiti zimeona kwamba kelele na mkanganyiko wa nyumbani huendana na matatizo ya tabia na masomo hata ukiweka kando kipato cha familia. Kwa hiyo zima televisheni wakati wa kula na wa kazi za shule. Mwambie mtoto asubuhi nani atakuja leo na ataondoka lini. Mpe msumari wake ukutani wa kutundikia sare, rafu yake, mswaki usioguswa na mwingine. Picha ya familia iliyoko sebuleni kama ilipigwa kabla hawajaja, pigeni nyingine na muitundike pembeni yake.

Hapa naomba ujiulize maswali ambayo mimi huyauliza nikitembelea nyumba yoyote iliyochukua mtoto. Nani analala kitandani na nani kwenye mkeka? Nani anaosha vyombo vya nani? Kukiwa na firigisi moja, inaenda kwenye sahani ya nani? Akija fundi wa sare, nani anapimwa na nani anapewa iliyombana mwenzake? Katika mji huu wapo watoto wengi waliochukuliwa "kusaidiwa" wakaishia kuwa wafanyakazi wa ndani wasio na mshahara, na binti wa miaka 15 ndiye anayeangukia huko kwa urahisi kabisa, hata bila mtu kukusudia. Kazi za nyumbani afanye, ni haki yake kujifunza, ila ziwe zilezile na kiasi kilekile na watoto wako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi, na mtoto anaugundua kwenye sahani kabla hajaugundua kwenye maneno. Na mbele ya majirani ni "watoto wetu," basi. Historia yao ya makaoni ni yao, wataisimulia wenyewe wakitaka. Mwalimu wa darasa ajue kinachomsaidia kufundisha, zaidi ya hapo asiambiwe.

Juu ya mama yao. Naelewa kishawishi cha kukatisha ziara kwa sababu ya wiki ile ngumu. Usikatishe, na huna mamlaka ya kufanya hivyo bila afisa ustawi. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Vurugu baada ya ziara inamaanisha kwamba wamemwona mama, wamemwacha tena, na hawana maneno ya kulisema. Mdogo atakuwa anajiuliza kama kukupenda wewe ni kumsaliti mama. Msaidie kwa vitendo: ziara iwe siku inayojulikana, iwekwe alama kwenye kalenda ya ukutani, mpe kitu cha kumpelekea, hata mchoro, siku ya kurudi pika chakula wanachokijua, usialike mtu, usiulize maswali mengi. Kama mama ana picha, iwekwe kwenye rafu yao. Na lisitoke neno baya juu yake kinywani mwa mtu yeyote wa nyumba yako, hata siku atakapoahidi kuja asitokee. Siku hiyo sema tu, "Najua ulimngoja. Nami nimesikitika." Dini yao pia, kama ni tofauti na yenu, waachiwe, mpeleke madrasa au kanisani kule walikozoea.

Dada mkubwa nimemweka mwisho, ingawa pengine ndiye mwenye uchungu zaidi humo ndani. Huyo binti alishakuwa mama kabla wewe hujafika. Alimgawia mdogo wake uji, alimficha, alilala upande wa ukutani au wa mlangoni kulingana na hatari ilikotokea. Wewe umekuja, una kila kitu, na kwa nia njema umeanza kumwogesha yule ambaye kwake ndiye sababu pekee ya kuvumilia. Ukimnyang'anya kazi hiyo kwa siku moja, unamwachia nini? Mwombe msaada wazi: "Wewe unamjua kuliko mimi. Akilia usiku huwa unafanyaje?" Mwache aendelee kumwogesha mdogo. Wewe shika kitu kidogo kingine, labda kumkata kucha, labda kumsomea. Mpe mambo yanayohusu umri wake mwenyewe: kusuka nywele, somo analopenda, marafiki, saa ya kulala bila kumsikiliza mtu anapumua. Akiamini kwamba mdogo wake yuko salama hata yeye akiwa shule, ataanza kulegea. Kujibu kwake usikuchukulie kama dharau pekee. Jibu tabia, "Sema nami taratibu," kisha rudi kwenye jambo lenyewe, maana mara nyingi ndani ya jibu lake kali kuna hoja ya haki. Mpe pazia au pembe ya chumba isiyoingiliwa bila kubisha hodi. Wasitenganishwe, hata siku mkichoka naye mkatamani kubaki na mdogo tu.

Halafu ana miaka mitatu tu kufika 18. Vijana waliokulia makaoni huniumiza moyo kwenye mambo ambayo wengine huyaokota bila kufundishwa: hawajawahi kuona mtu akipanga bajeti ya wiki, hawajui nyanya za fungu zinanunuliwaje, hawajui mwenye nyumba ataomba kodi ya miezi sita na barua ya serikali ya mtaa. Nenda naye sokoni Buguruni, mpe pesa ya mboga, mwache akosee bei. Anza sasa kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa RITA kama hana, maana bila hicho kitambulisho cha NIDA kitamsumbua. Na umwambie waziwazi nini mnaweza na hamwezi kumpa baada ya miaka 18, akiwa bado ana muda wa kupanga.

Yapo mambo ambayo usiyasubirie kopo wala ratiba: mtoto kujiumiza makusudi, kusema anataka kufa, kuwachezea wenzake kimapenzi, kuogopa ghafla mtu fulani, au kuacha kula kabisa. Hapo nenda kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Muhimbili pia kuna wataalamu wa afya ya akili, na kwenda huko hakumaanishi mtoto ni kichaa.

Hata bila dharura, wewe na mume wako mfike ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mliyopokelea watoto, mwombe ziara za nyumbani ziwe za mara kwa mara. Mnayo haki ya kusaidiwa. Malezi ya kambo hayakuwekwa ili familia ibaki peke yake. Eleza yote uliyoniandikia, pamoja na fimbo na maneno ya ukoo. Na siku afisa akija, mwombe azungumze na binti peke yake, nje ya nyumba ikiwezekana, halafu usimuulize binti walizungumza nini.